Kwa Miguu kutoka Gatini hadi Kariakoo

Boti ilipopunguza mwendo mbele ya mlango wa bandari, nilipanda sitaha ya juu nikashika chuma cha pembeni. Ilikuwa Aprili, masika yamekwisha kuingia, na bahari ilikuwa na rangi ya majivu tangu tulipoiacha Unguja saa mbili nyuma. Mkono wa kushoto minazi ya Kigamboni. Mkono wa kulia, mbele kidogo, jiji.

Marehemu baba yangu alipofika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, alifika kwa bahari kama mimi, na mara nyingi alitusimulia alichokiona kwanza: minara miwili ya makanisa. Mmoja ni wa Azania Front wenye vigae vyekundu, mwingine ni wa Mtakatifu Yosefu uliochongoka kama sindano. Yote miwili ilisimamishwa na Wajerumani karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni na ya ishirini ikianza, na kwa miaka mingi hapakuwa na kitu kilichoizidi kimo. Minara hiyo ipo mpaka leo. Lakini siku hizi lazima uwe unaijua ndipo uione, maana nyuma yake pamesimama ukuta wa vioo na zege: jengo la Mamlaka ya Bandari lenye ghorofa 40 na urefu wa mita 157, majengo mawili pacha ya mfuko wa pensheni, na mengine ambayo sikuwahi kuyaona nilipopita mara ya mwisho.

Kijana mmoja pembeni yangu alikuwa akipiga video kwa simu. "Mzee, unaiona?" akaniambia. "Dar siku hizi Dubai."

Sikumbishia. Mawingu yalipasuka kidogo, jua likagonga vioo vyote kwa pamoja, nami nilifurahi kama alivyofurahi yeye. Ukiwa baharini kimo ni kitu kizuri. Kinakuambia kwamba watu wapo, kazi ipo, na kwamba mahali palipokuwa kijiji cha wavuvi pamejaa maisha. Siandiki haya kwa kuchukia majengo marefu. Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, nimekulia chini ya Beit al-Ajaib, ambayo Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883 ikiwa ndefu kuliko nyumba yoyote ya mji. Sehemu yake ilipoporomoka Desemba 25, 2020, nilisimama Forodhani na watu wazima wenzangu tukilia. Hakuna aliyekuwa akiulilia urefu wake. Tulililia lile varanda lililoizunguka pande zote, nguzo zake nyembamba za chuma, na kile kivuli kipana ambacho kila mmoja wetu aliwahi kusimama ndani yake.

Mpwa wangu alinisubiri nje ya geti la boti, daftari kubwa kwapani. Anasoma usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, mwaka wa tatu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Gari liko wapi?"

"Leo hatupandi gari wala mwendokasi. Tunakwenda Kariakoo kwa miguu, nina zoezi la kumaliza." Akalifungua daftari. Mwalimu wao aliwaagiza wachore mita nne za kwanza za kila jengo watakalolipita, kuanzia ardhini. Juu ya hapo wasichore chochote. Na katika kila mchoro waanze na mtu, ndipo wachore ukuta, ili kipimo cha jengo kitokane naye. "Kwa hiyo nawe mjomba, nisaidie," akasema. "Usitazame juu."

Nilimkubalia, nami sikujua kwamba sharti hilo lingenigeuzia jiji zima.

Tulianza na lililo karibu. Mbele ya gati, ng'ambo ya barabara ya Sokoine, ni Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Ndani ya mita zake nne za kwanza mpwa wangu alimkuta muuza karanga, akina mama wawili waliokaa ngazini wakisubiri boti ya mchana, na mtoto aliyelala kwenye kanga. Akawachora wote. Tukaendelea kwa kufuata ukuta hadi Boma la Kale, na hapo nilimwomba tusimame zaidi.

Boma hilo lina undugu na sisi wa visiwani. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867, Sultani Majid alipoamua kujijengea mji mpya upande huu wa bahari. Hakuishi kuuona ukikua. Alifariki mwaka 1870. Nyumba yenyewe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na mlango wake ungeweza kuwa wa mtaa wetu wa Shangani. Imekarabatiwa na sasa ni kituo cha urithi wa majengo ya jiji. Niliuwekea ukuta kiganja. Nje joto lilikuwa la kuchemsha damu, lakini ukuta ulikuwa wa baridi kama mtungi. Hakuna mashine iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Ni unene wa jiwe, ni kimo cha dari, ni madirisha yanayotazamana ili upepo uingie huku na kutokea kule. Fundi aliyeijenga hakuwa na umeme wa kuficha makosa yake.

Kutoka hapo tulikata mitaa miwili tukafika mbele ya jengo moja la vioo. Sitalitaja jina, kwa kuwa ndugu zake ni wengi na lawama si yake peke yake. Linapendeza kweli likitazamwa kutoka baharini. Nilikuwa nimeliona asubuhi ileile nikiwa kwenye boti. Sasa tulikuwa miguuni pake, na miguu yake ilikuwa ukuta mtupu. Ghorofa za chini zote ni maegesho ya magari. Kwa hatua zaidi ya 80 nilizohesabu hapakuwa na mlango wa mtu kuingia, wala dirisha, wala duka, wala ngazi ya kukalia. Palikuwa na matundu ya kutolea moshi wa magari na mashine za viyoyozi zinazopumua joto usawa wa uso. Njia ya waenda kwa miguu ilikuwa imewekwa vigae vinavyong'aa, na kwa kuwa asubuhi kulinyesha, tulitembea kama watu wanaovuka mto juu ya mawe.

Mpwa wangu alikaa kwenye ukingo wa bustani ndogo ya maua ili achore. Mlinzi akaja. Alikuwa mtu mzima, nywele zina mvi, sare imelowa jasho.

"Samahani sana mama, hapa haparuhusiwi kukaa."

"Kuna mahali panaporuhusiwa, baba?" mpwa wangu akauliza kwa adabu.

Mzee yule akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Kwa kweli hapana," akasema. Kisha akarudi mahali pake pa kusimama, na ndipo nilipoona kwamba naye hana kibanda wala kivuli. Jengo la mabilioni, na mtu anayelilinda anashinda juani kutwa nzima. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma ninapoliandika. Aliyelichora jengo lile alifikiria litakavyoonekana kutoka kwenye ndege, akasahau kwamba kuna mtu atakayesimama mlangoni.

Mchoro wa pale ulikuwa na mistari mitatu tu. Mtu hakuwamo; mpwa wangu alikataa kumchora mlinzi kwa sababu, alisema, mlinzi hakuwa sehemu ya jengo, alikuwa amewekwa tu mbele yake.

Tukiwa njiani alinieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua kwa umri wangu. Dar es Salaam iko karibu sana na ikweta, chini ya digrii saba kusini. Saa sita mchana jua liko utosini, na paa ndilo linalobeba mzigo. Ukuta unaoteswa ni wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni, jua likiwa limeinama. Kwa hiyo jengo lenye akili katika mji huu hugeuza ubavu wake mwembamba mashariki na magharibi, na ubavu mpana kaskazini na kusini, ambako hata baraza fupi juu ya dirisha linatosha kulizuia jua. Ukimaliza hapo, unaacha nafasi ya upepo: kaskazi unapovuma ufike ndani, na kusi ukija ufike vilevile. Wazee wetu waliyajua haya kwa majina ya pepo kabla hayajaandikwa kwenye vitabu vya usanifu. Sasa lichukue sanduku la vioo, lisimamishe bila kujali jua linatoka wapi, lifunge madirisha yote yasifunguke. Umejenga jiko. Kisha utalipa umeme maisha yako yote kulipoza jiko hilo, na siku umeme ukikatika, watu wa ghorofa ya 20 wanateremka ngazi gizani wakitafuta hewa.

Uhindini tulipumua. Mitaa ya Jamhuri na Indira Gandhi bado ina zile nyumba za ghorofa mbili au tatu zilizojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya India: duka chini, familia juu, roshani imetokeza juu ya njia. Nyingine zina mwaka wa kujengwa umechongwa kifuani. Chini ya roshani tulitembea kivulini, na mvua ya rasharasha ilipoanza hatukulowa. Muuza kahawa alikuwa ameweka benchi lake chini ya roshani moja. Tulikaa, tukanywa vikombe viwili viwili na kashata, na hakuna aliyetufukuza. Sidai kwamba kila nyumba ya zamani lazima ibaki. Nyingine zimechoka, na familia zilizomo zinastahili choo kizuri na maji ya uhakika kuliko kupigwa picha na watalii. Ninachodai ni kwamba roshani ile ilikuwa zawadi ya mwenye nyumba kwa mpita njia asiyemjua, na nyumba zinapobomolewa kupisha ghorofa 15, zawadi hiyo haitolewi tena. Jengo jipya linaanzia pale pale kwenye mpaka wa kiwanja na kupanda wima hadi mwisho.

Karibu na hapo, mpwa wangu alifunga daftari. Mahali hapa Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likiendelea kujengwa lilianguka. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa chache kuliko hizo. Watu 36 walikufa, baadhi yao watoto. Yeye wakati huo alikuwa mtoto wa shule ya msingi, na aliniambia kwamba picha za watu wakichimbua kifusi kwa mikono ndizo zilizomfanya achague masomo aliyoyachagua.

Ni rahisi kusema kwamba urefu ndio uliowaua. Lakini Novemba 16, 2024, huko Kariakoo tulikokuwa tukielekea, liliporomoka jengo la ghorofa nne tu, nalo likaua watu wengi. Nne! Nyumba haiangushwi na hesabu ya ghorofa. Inaangushwa na mtu aliyeongeza ghorofa ambazo msingi haukuambiwa, aliyepunguza nondo, aliyebana saruji kwenye zege, aliyegusa nguzo bila kumuuliza mhandisi, na mkaguzi aliyepita bila kuteremka garini. Kuhusu hili sina maneno ya upole.

Na kama kuna anayedhani kwamba ninautetea ufupi, nitamweleza juu ya Nairobi. Miaka michache iliyopita nilikaa huko wiki nzima, na kila asubuhi nilipita uwanja wa KICC, jumba la mikutano la kimataifa. Jengo lile lilianza kama wazo la ofisi ya chama cha KANU, likakua kadiri lilivyochorwa, hadi likakamilika mwaka 1973 kwa wakati wa kupokea mkutano mkuu wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Walilibuni Karl Henrik Nøstvik wa Norwe na Mkenya David Mutiso. Lina mita 105. Siku hizi hizo si kitu: Times Tower iko mita 140, UAP mita 163, na Britam kule Upper Hill inafika mita 200. Lakini Kenya ilipotoa noti mpya mwaka 2019, jengo lililowekwa kwenye kila noti lilikuwa KICC.

Nilitaka kujua kwa nini, nikakaa uwanjani pale hadi nikaelewa. Zege lake lina rangi ya udongo mwekundu, ile ile utakayoiona kwenye viatu vyako ukitoka Nairobi kwa barabara yoyote. Madirisha yamerudishwa nyuma ya mbavu za zege, hivyo jua linaishia nje. Ukumbi wa pembeni una paa lililochongoka ambalo mtoto yeyote wa Afrika Mashariki atakuambia ni msonge. Na chini kuna uwanja: maji, miti, sanamu ya Mzee Kenyatta ameketi, wapiga picha wanaosubiri wageni, wanafunzi wa shule kwa mistari, wapenzi wanaogombana kimya kimya. Jengo ni refu, na bado halikumsahau aliyeko chini. Kumbe inawezekana. Iliwezekana miaka zaidi ya 50 iliyopita, kwa zege na mikono ya watu.

Tukavuka Mnazi Mmoja. Watu hupumzika pale bila kujua kwamba uwazi ule ni kovu. Wajerumani mwaka 1891 waliupanga mji kwa aina za nyumba, na kwa njia hiyo wakaupanga kwa rangi za watu. Waingereza baadaye wakaacha eneo tupu kati ya Uhindini na Kariakoo ili Waafrika wakae mbali. Leo uwazi uliokusudiwa kutenganisha ni mojawapo ya nafasi chache ambapo upepo wa bahari bado unapita. Nilihisi mashati yetu yakikauka.

Kariakoo ilianza kwa nyumba za Kiswahili: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Viwanja vilevile, vyenye upana uleule, sasa vinabeba ghorofa nane, kumi, kumi na mbili, zikigusana mabega. Nilitarajia kuzichukia. Nyingi ni mbaya, nitasema wazi: vioo vya bluu na kijani vilivyobandikwa bila sababu, nguzo zenye maua ya plasta, ngazi nyembamba ambazo moto ukizuka zitakuwa mtego. Baraza limekufa, kila futi ya chini imekatwa fremu, na kilemba cha fremu moja kinaweza kumjengea mtu nyumba mkoani. Lakini daftari la mpwa wangu lilijaa. Katika mita nne za kwanza za Kariakoo palikuwa na vitenge, sufuria, mama lishe na beseni lake la wali, machinga mwenye mikanda begani, guta limekwama, kijana anayeita wateja kwa wimbo. Alichora hadi kalamu ikaisha, akanunua nyingine hapohapo. Majengo yale yana sura mbaya, lakini miguu yake inaishi. Lile la vioo kule mjini lilikuwa na sura nzuri na miguu mfu. Nilitembea nikilitafakari hilo, na mpaka sasa sijalimaliza.

Mvua kubwa ilitukuta tukiwa kwenye soko lenyewe.

Soko la Kariakoo lilijengwa nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, na aliyelibuni ni Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika eneo letu hili. Si refu hata kidogo. Ghorofa zilizolizunguka zote zinaliangalia kwa juu. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake na umegeuzwa: badala ya kuinama pembeni kama mwavuli wa kawaida, umeinua kingo na kuinamia katikati. Hewa ya moto inatokea kwenye nafasi kati ya mwavuli na mwavuli. Moto uliteketeza soko hilo Julai 2021, na nakumbuka hofu yangu siku ile mbele ya redio. Miavuli ilisimama.

Tulikimbilia ukingoni pake. Palikuwa na mzee aliyeegemea mkokoteni wa vitunguu, kofia yake ya kiua imefifia. Nilimwamkia, akanipokea kwa salamu za Kiunguja alipoisikia lafudhi yangu.

"Lilipofunguliwa mimi nilikuwa kijana wa kubeba magunia," alisema. "Tulicheka. Tulisema fundi amelijenga paa kichwa chini."

"Na sasa?"

Akanyoosha kidole. Upande wa pili wa barabara maji yalikuwa yakishuka kutoka kwenye ukuta wa ghorofa ndefu kama shuka, yakiwapiga watu waliojibana ukutani wakidhani wamejificha. Juu yetu maji yaleyale yalikuwa yakianguka kwenye zege kwa kishindo, lakini hayakutufikia. Yalikuwa yakikimbilia katikati ya mwavuli, yakiingia ndani ya nguzo na kushuka kwenda kwenye matangi ya chini. Nilisogeza sikio kwenye nguzo. Nilidhani nayasikia.

Mpwa wangu alikuwa tayari ameketi juu ya gunia tupu, akitafuta ukurasa mkavu.

"Unachora soko?" mzee akamuuliza.

"Ndiyo babu."

"Basi na mimi niweke. Nipo hapa kwenye nguzo siku zote." Akaiweka sawa kofia, akashika mkono wa mkokoteni, akasimama wima.

"Usijali babu," mpwa wangu akasema, "wewe ndiye ninayekuanza." Na kweli alimwanza yeye: kofia, mabega, mkono kwenye mkokoteni, vitunguu. Kisha akaipandisha nguzo pembeni yake, taratibu, akiinua macho kila mara kumpima mzee.